Merikani

Sanduku lilishuka na treni Jumanne,
limeandikwa ZAWADI kwa wino uliovuja.
Vitabu arobaini na viwili vya sheria
kutoka kwa watu wasioijua Tabora,
na panya wa behewa walikuwa wamekwisha kuvionja.

Mimi ni Mlekwa Kasanda, karani wa masjala.
Kazi yangu ni dirisha:
"Jalada halijaonekana, njoo kesho."
Hakimu alipokwenda Sikonge kukagua shamba lenye ugomvi
nikavuta kimoja, kizito, cha ngozi:
maisha ya Lemueli Toliva, wakili,
mtu wa Kusini ya Amerika, karne ya kumi na tisa.

Kiingereza chake kirefu kama reli ya Kaliua.
Nilikwenda nacho kituo kwa kituo, kamusi mapajani.

Baba yake aliacha deni na farasi mmoja.
Sheria aliisoma ofisini kwa mjomba, huku akifagia.
Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya nyumbu aliyekufa:
nani alipe, mwenye nyumbu au mwenye shimo?
Alishinda. Nikacheka peke yangu;
kesi hiyo tunayo, ila yetu ni ng'ombe.
Kwa kurasa sitini, nakiri, nilimpenda.

Kisha akaoa mashamba.
Kisha akagombea, akapita.
Kisha akasimama bungeni saa tano na robo
akithibitisha, kifungu kwa kifungu,
kwamba mtu aweza kuwa mali
kama meza ilivyo mali,
na maji ya kulainisha koo
aliletewa na kijana ambaye kitabu hakikumtaja jina.

Vita vikaja, vikamla mwanawe. Upande wake ukashindwa.
Akaapa upya, akasamehewa, akarudi mahakamani
kwa mlango uleule.
Akafia kitandani, kwenye shuka safi.

Nyuma kabisa, kwa herufi za kutafutia tochi,
orodha ya mali, mwaka aliooa.
Saa ya ukutani, moja. Nyumbu, tisa.
Dafni, mwanamke, miaka kumi na tisa, meno yote,
mchumaji hodari wa pamba.

Nikafunga. Nje, mama wa Isevya
alikuwa akichuja asali kwa kitambaa cheupe,
tone, tone.

Bibi mzaa bibi yangu aliitwa Kalunde.
Alinunuliwa Kwihara kwa doti nne za merikani.
Ndiyo hati pekee tuliyonayo, imehifadhiwa mdomoni:
hakuna mwaka, hakuna mnunuzi,
nguo tu, doti nne,
na moja, bibi hukazia, ilikuwa na doa.
Merikani kwetu lilikuwa jina la nguo,
kama kaniki, kama bafta.
Hatukuuliza pamba ilichumwa na nani.

Dafni, ulichuma wapi asubuhi ile?
Ikapanda meli, ikafumwa, ikavuka maji,
ikapanda mabega ya wapagazi miezi mitatu,
ikakunjuliwa Unyanyembe mbele ya msichana,
ikapimwa, kiwiko hadi ncha ya kidole,
kiwiko hadi ncha ya kidole.
Huenda ilikuwa yako. Huenda ya mwingine aliye orodhani.
Hilo doa, sijui.
Wewe hukujua. Yeye hakujua.
Ajuaye ni karani daraja la pili
mwenye muhuri uliokauka wino.

Nimefungua jalada. Kwa penseli, maana sina mamlaka:
Dafni na Kalunde, walalamikaji.
Nimeliweka rafu ya mashauri yanayoendelea.

Usiku alikuja dirishani, koti refu, kofia mkononi,
Kiswahili chake fasaha kuliko changu;
mawakili ndivyo walivyo.
Alitaka kuondoka na treni ya alfajiri.
Nikamwonyesha benchi. Lilikuwa limejaa.
Wanawake wawili wakasogea kidogo
wakampa nafasi katikati.

"Jalada limeonekana, mzee," nikamwambia.
"Keti."